Jina Moja Katika Karatasi Zote

Shauri kwa nyumba yenye mtu aendaye ng'ambo

Juma hili twapenda kuongea nanyi juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi siku hizi, nalo ni safari ya ng'ambo. Hatusemi juu ya safari ya siku kumi, ya kwenda kutazama mji na kurudi. Twasema juu ya mtu anayekwenda kukaa: kijana aliyepata nafasi ya masomo ya miaka minne India au Ujerumani, muuguzi aliyeitwa kazini Uingereza, binti anayekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Uarabuni, baba anayemfuata mkewe Marekani.

Barua ya kuitwa ikifika, nyumba nzima hufurahi. Ndugu hukusanyika, shangazi hutafuta kitambaa, baba huhesabu magunia na ng'ombe ili nauli ipatikane. Hayo yote ni mema. Walakini mara nyingi jambo moja huachwa mpaka majuma ya mwisho, nalo ndilo lenye nguvu ya kuizuia safari yote. Jambo hilo ni karatasi. Nauli ikipungua, ndugu watachanga. Koti la baridi likikosekana, litanunuliwa huko huko. Lakini jina likiwa limeandikwa hivi katika cheti kimoja na vile katika cheti kingine, hakuna mchango wa ndugu utakaolinyoosha kwa siku tatu.

Basi neno letu ni hili: karatasi za ng'ambo hutengenezwa nyumbani, tena mapema, nazo huanzia kwenye jina. Kosa ambalo hapa kwetu hutengenezwa kwa kwenda ofisi moja au mbili, ukiwa ng'ambo laweza kukugharimu miezi, na hata nafasi yenyewe uliyoitiwa.

PASIPOTI ILIKOTOKA

Wengine huuliza, "Mbona serikali zatusumbua hivi?" Yafaa tujue habari hii ilivyoanza. Kabla ya vita vya mwaka 1914 nchi nyingi za Ulaya hazikumdai msafiri pasipoti. Vita vilipoanza, kila serikali ilitaka kujua ni nani aingiaye na ni nani atokaye. Vita vikaisha, lakini desturi ile ikabaki. Mwaka 1920 wajumbe wa mataifa walikutana Paris, wakapatana juu ya sura moja ya pasipoti, yaani kitabu kidogo chenye kurasa 32. Mwaka 1922 watu waliopoteza nchi zao kwa vita na mapinduzi, kwanza wakimbizi wa Urusi, walianza kupewa hati ya pekee iliyoitwa kwa jina la Fridtjof Nansen wa Norway, aliyewapigania. Tangu hapo ikawa wazi kwamba mtu asiye na karatasi yu kama mtu asiye na kwao.

Siku hizi pasipoti husomwa na mashine. Tazama chini ya ukurasa wenye picha yako: utaona mistari miwili, kila mmoja una nafasi 44 za herufi, tarakimu na alama. Jina la ukoo hutangulia, kisha majina mengine. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga liliamuru kwamba baada ya tarehe 24 Novemba 2015 pasipoti zisizosomeka kwa mashine zisiwe na kazi tena. Nasi Tanzania tulianza kutoa pasipoti ya kielektroniki tarehe 31 Januari 2018. Ndani yake mna kidude kidogo kinachoshika habari za mwenyewe.

Kwa nini twaeleza hayo? Kwa sababu karani wa zamani aliweza kukutazama usoni, akasema, "Huyu ni yule yule, mwacheni apite." Mashine haina maneno hayo. Mashine hutazama herufi. Herufi zikihitilafiana, yaona watu wawili.

JINA LAKO NI LIPI?

Kwetu mtu huwa na majina mengi, wala si aibu. Azaliwapo hupewa jina la nyumbani, tena jina la babu. Abatizwapo hupata jina jingine. Afikapo shuleni mwalimu huandika kama alivyosikia. Aolewapo, mwanamke aweza kuchukua jina la mume.

Tuseme yupo binti ambaye katika kadi ya kliniki ni Mariamu, katika cheti cha ubatizo ni Maria, katika cheti cha kidato cha nne ni Mary, na katika kitambulisho cha taifa ni Mariam. Tena mahali pamoja jina la mwisho ni la baba, mahali pengine ni la babu. Nyumbani sote twajua kwamba ni mtoto wetu yule yule. Ubalozini karani ana watu wanne mezani pake, naye hajui yupi kati yao ndiye aliyeshinda mtihani.

Tarehe nayo yataka macho. Ikiandikwa 7/1, sisi tutasoma tarehe saba ya mwezi wa kwanza. Mmarekani atasoma mwezi wa saba, tarehe moja, maana wao hutanguliza mwezi. Kwa hiyo mahali unapoandika mwenyewe kwa mkono, kama fomu haikatazi, taja mwezi kwa jina lake.

Basi ufanyeje? Weka karatasi zote mezani, moja kando ya nyingine: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, vyeti vya shule, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, kadi ya benki. Soma jina herufi kwa herufi. Usilisome kama ulijualo, lisome kama mgeni. Andika katika daftari kila tofauti unayoiona.

Kisha anza na shina, usianze na matawi. Shina ni cheti cha kuzaliwa. Kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mtu mzima ambaye hakuandikishwa utotoni bado aweza kuandikishwa, ila ataombwa ushuhuda, kama kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule ya msingi, au cheti cha ubatizo. Hapo ndipo kile kitabu cha ubatizo kilichotunzwa kanisani miaka ishirini au thelathini huwa na faida ambayo hatukuifikiria. Nenda umwone karani wa parokia au wa usharika mapema, wala usimwendee asubuhi ya siku ya safari.

Baada ya cheti cha kuzaliwa huja kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA, na baada yake pasipoti. Ukiruka ngazi, utashuka uipande tena.

Lakini angalieni jambo moja. Vyeti vya mitihani huandikwa kwa jina ambalo mtahiniwa aliandikishwa nalo, navyo ni vigumu kuvigeuza baadaye. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto ambaye bado hajafika kidato cha nne ina nafasi njema sana: hakikisheni sasa kwamba jina lililoko shuleni ndilo lile lililoko katika cheti cha kuzaliwa.

Ikiwa tofauti imekwisha kutokea, zipo njia za halali. Tofauti ndogo ya maandishi mara nyingi huelezwa kwa hati ya kiapo iliyofanywa mbele ya wakili au hakimu, isemayo kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Anayebadili jina kabisa hufanya hati maalumu ya kubadili jina, nayo huandikishwa kwa Msajili wa Hati. Hata hivyo, kabla ya kulipia kiapo, uliza chuo au ubalozi kama watakipokea, maana wengine hukubali na wengine hutaka cheti chenyewe kisahihishwe.

Wazazi, tusemezane kwa upole juu ya miaka. Wapo wanaopunguza umri wa mtoto ili apate nafasi shuleni, au wanaouongeza ili binti apate kazi ya mbali. Yaonekana kama msaada. Lakini tarehe ile ya uongo itamfuata mtoto katika kila fomu atakayoijaza maishani, na kusema uongo katika maombi ya pasipoti ni kosa la jinai. Tena binti mdogo aliyeandikwa kuwa mtu mzima huvuliwa ile kinga ambayo sheria humpa mtoto. Msimfanyie hivyo mtoto wenu.

PASIPOTI YENYEWE

Maombi ya pasipoti hujazwa kwa njia ya mtandao wa Idara ya Uhamiaji, kisha mwombaji hufika mwenyewe ofisini kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Ataombwa cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, na ushahidi wa safari. Tena ataombwa cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo mahali pake. Jambo hili la mwisho huwashtusha wengi. Mtoto ana vyeti vyote, kumbe baba na mama hawana hata kimoja! Basi wazazi, tafuteni na vyenu. Si kwa ajili ya mtoto huyu tu, bali na kwa wale wanaomfuata.

Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa mwaka 2018, ada yake iliwekwa kuwa shilingi 150,000. Ulizeni ofisini ada ya siku mnayokwenda, mlipe kwa namba ya malipo ya serikali, mchukue stakabadhi. Msimpe fedha mtu anayesimama nje ya lango akisema ana ndugu ndani. Watu hao waitwao vishoka hawana dawa ya jina lililokosewa. Wana dawa ya mfuko wako tu.

Mwenye pasipoti tayari asilale usingizi. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 zaidi. Pasipoti iliyobakiza miezi 5, ijapokuwa machoni pako bado ni nzima, kwao huhesabiwa kama imekwisha, na shirika la ndege laweza kukukatalia hapa hapa kiwanjani. Tena fanya hesabu ya kukaa kwako. Ukiwa na masomo ya miaka 4, na pasipoti imebakiza miaka 2, basi utaitafuta mpya ukiwa katikati ya mitihani, labda ubalozi wetu uko mji mwingine, mbali kwa treni. Ni nafuu kuifanya upya kabla ya kuondoka, na kuombea viza katika pasipoti ile mpya. Angalia pia kama kurasa tupu zipo za kutosha.

Mtoto mdogo naye hana budi kuwa na pasipoti yake. Kama anasafiri na mzazi mmoja tu, mzazi mwingine aandike barua ya idhini, itiwe sahihi mbele ya wakili, na nakala ya kitambulisho chake iambatanishwe. Wenye mpaka hawajui kwamba ninyi mwapatana. Kazi yao ni kuangalia mtoto asiibwe.

WENYEJI WAKO WATAKA NINI?

Kila nchi ina desturi yake, na desturi hubadilika. Kwa hiyo msifuate maneno ya jirani aliyekwenda miaka sita iliyopita. Someni maelezo ya ubalozi wenyewe. Hapa twataja mifano michache, ili mwone jinsi mambo haya yanavyotaka muda.

Uingereza humtaka mtu atokaye Tanzania, anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6, apimwe kifua kikuu katika kliniki waliyoiidhinisha wao. Cheti chake hudumu miezi 6. Ukipima mapema mno kitakwisha, na ukichelewa utakosa viza.

Ujerumani humtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba ana fedha za kujilisha. Wengi huziweka katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo mwanafunzi huchukua sehemu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiasi kilichowekwa kwa mwaka mmoja kilikuwa euro 11,904. Fedha kama hizo hazipatikani kwa kuuza mbuzi wawili, na nyumba yapasa kujua habari hii kabla ya kushangilia.

India humtaka mgeni mwenye viza ya zaidi ya siku 180 ajiandikishe kwa maafisa wa wageni ndani ya siku 14 tangu kufika. China humpa mwenye viza ya masomo marefu siku 30 za kuomba kibali cha kukaa. Maana yake ni kwamba kazi ya karatasi haiishii kwenye viza. Siku ya kwanza ufikapo, andika tarehe hiyo ukutani.

Iko pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiende kuchomwa jana ya safari. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Akitokea mtu wa kukuambia, "Kadi yako imekwisha, nipe fedha nikupe nyingine," umjibu kwa adabu kwamba wajua.

Mwisho, vyeti vya shule na vya ndoa hudaiwa vithibitishwe ili nchi ya kigeni iviamini. Ulikuwako mkutano wa Hague mwaka 1961 uliofanya mapatano kwamba nchi zilizomo zipokee vyeti vya wenzao kwa muhuri mmoja tu. Kwa jirani zetu, Burundi imo tangu 2015, na Rwanda tangu 2024. Ikiwa moja kati ya nchi hizi mbili, ya utokako au ya uendako, haimo katika mapatano hayo, cheti hupita njia ndefu: wizara inayohusika, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi uendako. Milango mitatu hiyo ina siku zake na ada zake. Uliza kwanza, ndipo upange nauli ya kwenda mjini mara moja badala ya mara nne.

PASIPOTI HAITOKI MKONONI

Sasa twapenda kusema hasa na wale waendao kazini, na zaidi ya wote mabinti waendao kufanya kazi katika nyumba za watu. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Ndani yake imeandikwa kwamba mfanyakazi anayo haki ya kukaa na pasipoti yake na vitambulisho vyake mwenyewe. Imeandikwa pia kwamba mtu anayeajiriwa katika nchi moja kwenda kufanya kazi nchi nyingine apate ahadi ya kazi au mkataba kwa maandishi kabla hajavuka mpaka.

Mkataba huo hufunga nchi zilizouridhia tu, lakini watufundisha sisi sote la kuuliza. Nchi nyingine zina sheria zake. Qatar, kwa sheria yake namba 21 ya mwaka 2015, humtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi pasipoti yake akisha kumwandikishia ukaaji, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa maandishi kwamba itunzwe. Angalieni maneno hayo, "kwa maandishi". Binti akipewa karatasi ya lugha asiyoijua, akaambiwa, "Tia sahihi hapa," aweza kuwa anaiomba pasipoti yake ifungiwe kabatini, naye hajui.

Kwa hiyo, ewe binti, kabla ya kuondoka pata mkataba katika lugha unayoisoma. Utazame una majina ya nani, mshahara kiasi gani na kwa fedha ya nchi gani, saa ngapi za kazi, siku gani ya kupumzika, na nani atakayelipa nauli ya kurudi. Wakala anayekupeleka awe na leseni, nawe uione kwa macho yako. Akisema mkataba utaupata ukifika, mwambie kwamba nawe utakwenda ukisha kuupata. Tena usikubali kutoka kwa viza ya matembezi kwenda kufanya kazi. Mwenye viza ya namna hiyo akionewa huogopa hata kwenda polisi, na mwonevu alijua hivyo tangu mwanzo.

KARATASI ZA WANAOBAKI

Wengi hufikiri juu ya karatasi za anayeondoka, wakasahau za wale wanaobaki. Mtu akikaa miaka minne, nyumbani mambo hayasimami. Shamba lataka kukodishwa, ada ya shule yataka kulipwa, mtoto aweza kuugua.

Kama una shamba, nyumba au kesi, nenda kwa wakili ukaandike hati ya kumpa mtu unayemwamini mamlaka ya kutenda badala yako. Itaje hasa mambo anayoruhusiwa, na yale asiyoruhusiwa. "Akodishe shamba" si sawa na "auze shamba".

Watoto ukiwaacha kwa bibi au kwa mjomba, mpe mlezi barua ya kwamba ndiye mwangalizi wao, pamoja na nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa na kadi zao za matibabu. Bibi asisimame mlangoni kwa mwalimu au kwa daktari akiulizwa, "Wewe ni nani kwa mtoto huyu?"

Benki yako ijue anwani yako mpya. Laini ya simu uliyoiandikisha kwa ajili ya fedha uiweke hai, kwa sababu isipotumiwa kwa muda hufungwa, na nayo hupotea njia ya kufikia fedha yako. Mwenye mke, mume, watoto na mali aandike wosia. Kuandika wosia si kujitakia kifo. Ni kuwaondolea ndugu ugomvi. RITA hupokea wosia na kuutunza.

Kisha fanya nakala za kila karatasi mara tatu. Moja iwe katika mzigo wako, mbali na pasipoti yenyewe. Ya pili iwe nyumbani kwa mtu mmoja anayejulikana. Ya tatu iwe picha katika barua pepe yako, ili uione hata ukinyang'anywa mfuko na simu. Ufikapo, jiandikishe kwa ubalozi wetu wa karibu. Pasipoti ikipotea, utakwenda polisi kupata taarifa ya upotevu, kisha ubalozini. Huko mwenye nakala husikilizwa upesi, na asiye nayo huanza kuthibitisha kwamba yeye ni nani.

HESABU YA MIEZI

Ili msipotelewe, haya ndiyo mafungu ya kazi:

Mwaka mmoja kabla: linganisheni majina na tarehe katika karatasi zote. Tafuteni cheti cha kuzaliwa cha msafiri na vya wazazi. Sahihisheni makosa.

Miezi 9 kabla: kitambulisho cha taifa kiwe tayari, pasipoti iombwe au ifanywe upya.

Miezi 6 kabla: vyeti vya shule na vya ndoa vithibitishwe na kutafsiriwa ikitakiwa. Onyesheni mahali fedha zitakapotoka.

Miezi 3 kabla: viza, vipimo vya afya, chanjo. Someni mkataba wa kazi mstari kwa mstari. Tiketi isilipwe yote kabla viza haijatoka.

Mwezi mmoja kabla: hati ya uwakilishi, barua ya mlezi, benki, wosia, nakala.

Barua ya kuitwa ikija kwa ghafula na miezi ni mitatu tu, fanyeni kwa utaratibu huo huo bila kuruka, mkianza siku ile ile. Tena mwandikieni chuo au mwajiri mapema, mkieleza kwamba karatasi fulani imo njiani. Wengi wao husogeza tarehe kwa mtu aliyewaambia mapema. Anayenyamaza mpaka siku yenyewe hupoteza nafasi.

Twajua wako wasomaji watakaosema, "Habari hizi si zetu, sisi hatuna mtu wa kwenda ng'ambo." Labda leo hamna. Lakini mtoto anayetambaa sebuleni kwenu, ni nani ajuaye ataitwa wapi? Tangu mwaka 2013, kuanzia mkoa wa Mbeya, mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila ada umekuwa ukienea mkoa kwa mkoa, nao hufanyika katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mzazi anayekwenda na mtoto kliniki aweza kurudi na cheti. Jina likiandikwa sawasawa siku hiyo, kazi kubwa ya miaka ishirini ijayo imekwisha.

Basi, jioni ya leo mkisha kula, shusheni lile sanduku la karatasi lililo juu ya kabati. Mtoto mwenye macho mazuri asome kwa sauti, mama ashike cheti kimoja na baba kingine, mlinganishe herufi kwa herufi. Mkikuta kosa msilaumiane nani aliyeandika. Andikeni katika daftari, na Jumatatu mmoja wenu aende ofisi inayohusika.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.